Matela Ibaki Nyumbani

Idrissa alikuwa dereva wa kamyo ya mizigo, na katika avenyu yao ya Majengo hakuna redio iliyosikilizwa kwa bidii kama yeye alivyotazamwa. Goma ndivyo ilivyo. Serikali itatangaza, waasi watatangaza, wataalamu wa volkano watatangaza, na mutu atawasikiliza wote kwa heshima zake, kisha atanyoosha shingo juu ya ua aone jirani anafanya nini. Jirani mzuri wa kutazamwa ni dereva, kwa sababu madereva hupigiana simu kutoka barabara zote, na mlima ukikohoa, au askari wakihama kilima, habari hufika kwao kwanza. Basi Idrissa akichelewa kurudi kutoka kazini, avenyu ilijiuliza. Akinunua bidoni mpya ya maji, ilijiuliza. Siku moja alioga saa sita mchana kwa sababu ya joto tu, na Mama Léonie, muuza makala ya kupikia wa upande wa pili, akafunga kibanda chake mapema.

Cheo hicho alikipata mwaka uliotangulia, volkano ya Nyiragongo ilipopasuka. Jioni ile ya mwezi wa tano mbingu iligeuka nyekundu kama makala yaliyopulizwa, na Idrissa akaipakia avenyu nzima katika kamyo ya patroni aliyemwajiri: wazee, watoto, mbuzi wa watu, cherehani ya fundi. Binti yake Fatouma alikuwa analia. Ili anyamaze, Idrissa alimwambia, "Usilie, mama. Tunaenda kwa shangazi yako kula samaki."

Wakafika Sake. Shangazi hakuwako, wala samaki. Walilala juu ya sakafu ya darasa, vichwa chini ya ubao, ardhi ikiwatikisa usiku kucha kama mtu anayepepeta mchele. Waliporudi Majengo wakakuta lava haikufika kwao, lakini wezi walifika. Mlango ulikuwa umeng'olewa na bawaba zake. Vitanda vilikwenda, masahani yalikwenda, hata kiti kidogo cha plastiki cha Fatouma, cha njano, ambacho mwizi mzima mwenye ndevu asingeweza kukikalia, nacho kilikwenda.

Tangu hapo, ukitamka neno safari mbele ya Fatouma, hakulia wala hakuuliza. Alikwenda kukaa katikati ya matela, godoro jipya la nyumba, akakunja miguu, akaishika kwa mikono miwili kama abiria aliyepanda juu ya mizigo. Mdogo wake Jumaine, aliyekuwa hata hajui volkano ni mnyama gani, alikwenda kukaa naye, kwa sababu kila alichofanya dada yake kilikuwa sheria.

Mwezi wa nane, vakansi ya shule ikiwa katikati, Alima alimkabili mumewe.

"Huyu mutoto hajue safari, Idrissa. Anajua kukimbia tu. Nataka tumupeleke pahali, acheze, halafu arudie akute nyumba iko vile aliiacha. Mara moja tu. Ili ajue kama kurudia iko."

"Na kama hatacheka?"

"Sikusema acheke. Nilisema arudie."

Idrissa akaahidi. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa barabara, ahadi aliianzia mbali: Vitshumbi, kule Ziwa Edouard, ambako viboko hutembea kati ya nyumba kama wakusanya kodi, samaki ni wa bei ya bure, na turnboy wake wa zamani angewapa pa kulala. Lakini tangu mji wa mpakani wa Bunagana uangukie mikononi mwa waasi, madereva wenzake walisema huko mbele ya Rutshuru kuna watu wanaouliza maswali huku wameshika bunduki, na hawapendi jibu lolote.

Sawa, akasema, Kalengera basi. Kwa Habarurema, dereva mwenzake, mwenye migomba na ng'ombe wa maziwa. Akampigia simu.

"Karibu sana, kaka!" Habarurema alijibu kwa sauti ya chini. "Lakini mukikuja musipige honi. Tuko chini ya kitanda."

Ndipo safari ikafika Keshero. Yaani mtaa mwingine wa mji uleule, kule chini ziwani, ambako rafiki yake Birindwa alilinda kiwanja cha tajiri anayeishi Ulaya. Kiwanja kilikuwa na majani mazuri hadi kwenye maji, na chumba kimoja kitupu. Safari iliyotoka Ziwa Edouard ilikuwa imerudi nyuma kama sweta iliyofuliwa kwa maji ya moto.

"Ukiendelea kutafuta," Alima alisema huku akicheka, "kesho utatupeleka kwa choo."

Mpango wenyewe ulikuwa wa kupunguza gharama, na ulipunguza kweli. Chumba cha Birindwa hakikuwa na kitanda, basi watabeba matela yao. Maji ya kunywa hayatanunuliwa, basi bidoni. Chakula hakitanunuliwa, basi sufuria kubwa, jiko la mbabula, makala, unga, na maharagi. Blanketi, kwa sababu ya upepo wa ziwa. Na Alima, bila hata kufikiri, aliweka juu ya mizigo ile bahasha ya plastiki yenye karatasi za kuzaliwa za watoto.

"Za nini?" Idrissa aliuliza.

"Nani anatokaka kwa nyumba bila karatasi?"

Idrissa alivuta soksi yake juu, maana yeye mwenyewe alikuwa na kitambulisho ndani yake.

Kamyo ilikuwa ya patroni na haikuwa ya kutembeza familia. Kwa hiyo asubuhi ya safari alikwenda kwa Mama Léonie kuazima chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedeli ambayo mama huyo alibebea magunia ya makala.

"Unabeba nini?" Mama Léonie aliuliza.

"Muzigo kidogo tu, mama."

Hapo ndipo alipoharibu. Angesema tu, "Napeleka watoto Keshero waogelee," mambo yangeishia hapo. Lakini aliona haya. Dereva wa barabara kuu, mtu aliyewahi kulala miji ya mbali kama Butembo na Beni, atasemaje vakansi yake ni Keshero, tena kwa chukudu? Akanyamaza. Na Mama Léonie, aliyezoea kumtazama akisema, sasa alimtazama akinyamaza, akaona ni habari kubwa zaidi.

Idrissa akaanza kupakia mbele ya mlango. Matela iliyokunjwa na kufungwa kamba. Bidoni. Sufuria. Blanketi. Bahasha ya karatasi juu kabisa.

Mama Léonie alikuwa anafagia. Ufagio ukasimama. Akaangalia matela, akaangalia bidoni, macho yake yakafika kwenye bahasha yakaganda. Aliegemeza ufagio ukutani taratibu, akaingia ndani, na alipotoka alikuwa na matela yake kichwani.

"Papa Idrissa," aliita kwa unyenyekevu, "imefika wapi?"

"Nini imefika?"

"Usinifanye mutoto. Ni vita ao ni volkano? Niambie tu nijue kama tunapanda juu ao tunashuka."

"Mama Léonie, hakuna kitu. Tunaenda vakansi."

"Vakansi!" Mama Léonie aligeuka kuelekea avenyu na kupaza sauti ya kuweza kuvuka mpaka. "Papa Idrissa anasema ni vakansi! Mufunge mizigo!"

Milango ikaanza kufunguka kama mtu alivuta kamba moja. Matela zikatoka, za sponji, za majani, zilizochanika. Watoto wakatolewa usingizini wakapewa kila mmoja cha kubeba. Kuku akaingizwa kapuni akipinga. Kutoka nyumba ya kona akaja Papa Wenceslas, mwalimu mstaafu, ameshavaa koti na tai, sanduku mkononi. Kukimbia kwake kulikuwa na adabu.

"Idrissa, mwanangu," alisema, "nilifundisha tangu wewe hujazaliwa. Mutoto anayeongopa namujua kwa masikio. Vakansi gani ya kubeba karatasi za kuzaliwa?"

"Muzee, nakuapia. Tunaenda kwa Birindwa. Keshero!"

"Keshero!" mtu akadaka nyuma. "Anapita kwa ziwa! Barabara ya Sake imefungwa!"

"Sikusema imefungwa!"

"Hakusema imefunguka," Papa Wenceslas aliwaeleza wengine.

Idrissa akapandisha sauti kuwaambia watulie, na wakaona: lo, ameanza kupiga kelele, kweli hali ni mbaya. Akashusha sauti, wakaona anaficha. Akacheka ili waone ni mchezo, na mama mmoja akaanza kulia kwa sababu dereva amechanganyikiwa.

Katikati ya vurugu hiyo alimwona binti yake.

Fatouma alikuwa amesimama kando ya chukudu. Hakulia. Idrissa angependa alie. Alikuwa amejifunga mgongoni kikoba chake cha shule, na mkono mmoja amemshika Jumaine, aliyevalishwa kiatu cha kulia mguu wa kushoto na cha kushoto mguu wa kulia. Alikuwa anawaangalia watu wakibeba matela kwa jicho la mtu anayeijua kazi. Akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Papa, tunaenda kula samaki?"

Maneno yote ya barabarani, ya kudanganyia askari wa vizuizi na mapatroni, yakamkimbia pamoja na avenyu.

Alima naye alikuwa amesikia. Aliweka mtungi wa mafuta chini.

"Shusha matela," akasema.

"Alima..."

"Shusha. Niletee mbabula."

Alishusha. Alima akaweka mbabula mbele ya mlango, juu ya jiwe jeusi la lava ambalo avenyu nzima ilijengwa juu yake. Akamimina makala, akawasha, akapepea na kipande cha katoni. Akapachika sufuria. Akamimina maji ya bidoni, yale ya kunywa safarini. Kisha akafungua mfuko akamwaga maharagi ndani, yakagonga chini ya sufuria kama mvua ya mawe juu ya mabati. Akaketi chini, akanyoosha miguu mbele yake, akaendelea kupepea.

Mama Léonie, matela kichwani, akasogea.

"Alima. Unapika nini?"

"Maharagi."

"Ya kulowekwa jana?"

"Makavu."

Mama Léonie akainama, matela ikainama naye, akachungulia sufuriani. Akachukua harage moja lililoanguka kando, akaling'ata. Jino nusura livunjike.

"Makavu kabisa," akatangaza.

Kwa mtu wa Goma hilo halihitaji maelezo. Kwa baridi ya milima ile maharagi makavu hula asubuhi nzima na kipande cha mchana, na gunia la makala halina huruma. Mtu aweza kukimbia akaacha nyumba. Aweza kuacha mbuzi, deni, hata mume. Lakini hakuna mama ambaye ataweka maharagi makavu motoni huku anajua kuna kitu kinakuja. Makala ni mali.

"Mama Fatouma anatokosha maharagi makavu!" sauti ikapita mlango hadi mlango.

"Makavu?"

"Mama Léonie ameng'ata!"

Kule mwisho wa avenyu, ambako walikuwa wameshaanza kushuka, mtu akatua bidoni. Mwingine akatua. Kuku akatolewa kapuni akaenda zake bila kuaga. Papa Wenceslas akalegeza tai, akakalia sanduku lake.

Kisha ikaja hasira, na ilikuwa haki yao.

"Donc," Mama Léonie alianza, mikono kiunoni, "mimi na shingo yangu ya uzee, unanibebesha matela asubui-asubui, juu weye unaona haya kusema unaenda Keshero?"

"Pardo, mama."

"Dereva mukubwa! Dereva wa Butembo! Anapeleka bibi vakansi kwa chukudu ya makala!"

"Na ya kuazima," Papa Wenceslas akaongeza.

Watu wakacheka. Walicheka zaidi ya kiasi cha utani wenyewe, kama watu waliokuwa wameshaanza kuziaga nyumba zao kimoyomoyo. Mama yule aliyelia alicheka huku machozi ya kwanza hayajakauka. Idrissa aliinamisha kichwa akawaacha wamcheke. Alijua amelipa kidogo.

Lakini Fatouma hakucheka. Bado alisimama pale pale, kikoba mgongoni, mkono wa Jumaine mkononi. Idrissa akachuchumaa mbele yake.

"Fatouma. Mwaka ule nilikuongopea. Shangazi hakuwa Sake."

"Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Wakati mbuzi ilipanda," Fatouma alisema. "Kwa shangazi hatuendake na mbuzi ya batu."

"Leo siongope. Tunaenda kucheza kwa maji. Hakuna mutu anakuja, hakuna moto. Na tutarudia."

Mtoto akafikiri. Hakumwangalia baba yake usoni; aliangalia mizigo.

"Matela inaenda?"

Idrissa akageuka kumtazama Alima. Bila matela hakuna kulala kwa Birindwa, na bila kulala, mpango wote wa siku mbili, uliopimwa na kupunguzwa na kupimwa tena, unabaki nusu siku. Alima alitikisa kichwa: hapana, isiende.

"Matela inabaki," Idrissa akasema.

"Na blanketi?"

"Inabaki."

"Na karatasi?"

Alima aliacha kupepea. Bahasha ile ilikuwa imelala kifuani mwake usiku wote wa Sake, na tangu siku hiyo haijawahi kubaki ndani ya nyumba asiyokuwamo yeye. Aliichukua, akaifuta vumbi ambalo halikuwako, akafuta tena.

Alima akaingia ndani. Alikaa huko kitambo. Alipotoka mikono yake ilikuwa mitupu, na hakujua aiweke wapi.

"Inabaki," akasema.

"Basi leo tutalala hapa," Fatouma alisema, polepole, kama mtu anayejumlisha hesabu.

"Hapa."

"Haya. Tungoje maharagi."

Yaliiva jua likiwa limeshavuka utosi. Waliyatia katika bakuli lenye kifuniko, na Mama Léonie akaleta kiti chake akakiweka mbele ya mlango wao, akakaa na ufagio magotini.

"Muende," akasema. "Mwizi akikuja, nitamufagia."

Kutoka Majengo hadi ziwani ni mteremko, na chukudu hupenda mteremko. Idrissa aliwaketisha watoto juu ya ubao, akashika usukani, akakimbia kando yao huku Alima akifuata na bakuli kichwani, anacheka, anapiga kelele wasimuache. Madereva wawili waliomjua walimpigia honi. Akawapungia mkono. Walipofika kwa Birindwa, matako ya watoto yalikuwa meusi kwa makala, na Birindwa akauliza kama wanauzwa kwa gunia au kwa ndoo.

Maji yalikuwa matulivu, na majani yalikuwa kama Idrissa alivyoahidi. Walikula. Jumaine akavua kila kitu akaingia majini hadi magotini, akaanza kuyapiga kwa mikono miwili na kuyagombeza. Fatouma alikaa kwenye majani, mkavu, kikoba mgongoni, uso umegeukia juu, kule mji unakopanda kuelekea mlimani. Watu walipita barabarani bila kukimbia. Yeye aliwakagua mmoja mmoja.

Idrissa akakaa kando yake.

"Papa."

"Mama."

"Sasa hivi nikisema turudie, tunarudia?"

Idrissa alikuwa ameshiba. Miguu ilimuuma kwa mbio, na mbele yake kulikuwa na mlima mzima wa kusukuma chukudu yenye watoto wawili. Jua lilikuwa bado juu, na Birindwa alikuwa anatayarisha chai. Akasimama. Akaenda kuichukua chukudu kwenye ua, akaigeuza, pua yake ikatazama njia ya kurudi.

"Panda," akasema.

Fatouma akaitazama chukudu. Akamtazama baba yake, muda mrefu, kama anamkagua naye. Idrissa alibaki ameshika usukani, tayari.

"Jumaine hajamaliza," mtoto akasema mwishowe. "Tumungoje."

Akavua kikoba mgongoni, akampa baba yake akishike, akatelemka kwenda majini kumuonesha mdogo wake namna maji yanavyopigwa.